Bampa Iliyoshonwa

Ukisimama Malava kando ya barabara ya A1, ile inayotoka Kisumu na Kakamega kuelekea Webuye, Kitale na mbele zaidi hadi Turkana, utaona kitu ambacho wasee wa Nairobi hukicheka: bampa zilizoshonwa. Sisemi zilizofungwa kwa kamba. Nasema zimeshonwa. Ufa umetobolewa vitundu pande zote mbili, waya mwembamba umepitishwa msalaba, msalaba, msalaba, kama kamba za viatu vya shule, na gari limerudi kazini. Probox moja inaweza kubeba mishono mitatu ya nyakati tofauti: mmoja umeshika kutu, mwingine bado unang'aa, wa tatu umefunikwa na filla na rangi isiyofanana hata kidogo na ya gari.

Cheka ukitaka, lakini mimi huusoma mshono huo kama hati ya historia. Unaeleza jinsi mafundi wa Magharibi mwa Kenya walivyonyang'anywa silaha yao kuu, nyundo, na jinsi walivyookolewa na maarifa yaliyotoka mahali ambapo wanaume wa gereji hawakuzoea kukopa kitu. Yalitoka jikoni.

Lakini kwanza nyundo yenyewe. Kabla ya gari la kwanza kufika pande hizi, chuma kilikuwa na wenyewe. Wahunzi wa Samia, kule karibu na mpaka wa Uganda, waliyeyusha mawe ya vilima vyao na kufua majembe yaliyosafiri mbali, mengine yakitolewa kama mahari. Majembe ya kiwandani yalipokuja na wakoloni, biashara ile ilififia. Heshima ya mtu anayejua kukipiga chuma kikatii haikufifia. Iliwahamia mafundi wa baiskeli, kisha wa magari, na hatimaye wale tuliowaita mapanelbita, watu wa kunyoosha bodi.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliandika ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyosaidia kueneza duniani dhana ya "sekta isiyo rasmi". Wenyewe walikuwa na jina fupi zaidi na lenye jasho ndani yake: jua kali. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi na kuagiza wajengewe vibanda wapate kivuli. Sauti ya kazi yao wakati huo ilikuwa moja tu, nyundo juu ya chuma, na mtu angeweza kuwapata akiwa amefumba macho.

Na gari la enzi hiyo lilikuwa Peugeot 504. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na ile ya mgongo mrefu yenye safu tatu za viti ndiyo iliyowavusha Waluhya wengi kati ya Nairobi na nyumbani kila Krismasi na kila matanga. Bampa yake ilikuwa chuma kinachong'aa. Ikigonga ng'ombe au kisiki, fundi aliifungua boliti, akailaza juu ya gogo au kipande cha reli, akaipiga kutoka ndani polepole huku akiipapasa kwa kiganja. Chuma kikibonyea kinabaki palepale kilipobonyea, hakitoroki, na kwa hivyo unaweza kukirudisha kidogo kidogo. Ikipasuka, kulikuwa na gesi ya kuchomelea. Bampa moja ingeweza kumzika mwenye gari.

Sasa twende Italia, kwa muda mfupi tu. Mwaka 1954, Milano, mwanakemia Giulio Natta alifanikiwa kuunganisha gesi ya propilini ikawa plastiki ngumu, nyepesi, isiyojali maji. Tunaiita polipropilini. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya namna hiyo. Ndani ya miongo michache vitu vya Natta vilikuwa vimeingia kila boma la Kakamega bila kubisha hodi: beseni, vikombe, magunia ya kufumwa ya mahindi, viti vyeupe vya kukodisha kwenye harusi na mazishi.

Kwenye magari mlango ulifunguliwa na mambo mawili yaliyotokea karibu pamoja. Marekani iliamuru kwamba magari ya modeli ya mwaka 1973 yaweze kugonga kizuizi kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, kama kilomita 8, bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Watengenezaji wakafunga machuma makubwa mazito ambayo hakuna aliyeyapenda. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka huohuo, na uzito ukawa dhambi. Wafaransa walikuwa wameshaonyesha njia nyingine mwaka 1972, kwa Renault 5, kigari chenye bampa za plastiki ya poliesta iliyotiwa nyuzi za kioo. (Mwaka huohuo, nchini humohumo, Henry Massonnet alitoa kiti cha plastiki cha kipande kimoja, babu wa kile unachokalia kwenye kila hafla ya kijijini. Kiti hicho kitarudi.) Kufikia miaka ya 1980 na 1990, polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo ili isivunjike kama kioo ilikuwa imeshinda. Bampa ikawa ngozi tu. Nyuma ya ngozi kuna povu gumu la kupunguza kishindo, na nyuma ya povu kuna mwamba wa chuma ambao ndio bampa halisi.

Kiwandani ngozi hiyo hutoka kwenye kalibu moja ikiwa nzima, ya elfu moja inafanana na ya kwanza, na hakuna anayetarajia kuitengeneza. Ikiharibika, inatolewa, mpya inawekwa. Wahandisi waliipima kwa hesabu hiyo. Hawakumfikiria mtu aliye mamia ya kilomita kutoka bandarini, mwenye gari la miaka kumi na tano, ambaye bei ya bampa mpya ni karo ya muhula.

Mtu huyo alianza kupatikana kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kenya ilipolegeza masharti ya fedha za kigeni na uagizaji wa bidhaa. Magari ya mtumba yakafurika kutoka Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi. Japani ukaguzi wa lazima huanza gari likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake huwafanya wengi kubadilisha gari likiwa bado na nguvu. Sisi tukaweka masharti yetu: usukani wa kulia, na gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kinachofungwa kwenye gari kule leo kinashuka Mombasa baada ya takriban miaka minane. Weka hesabu hiyo kando, tutaihitaji.

Mwaka 2002 Toyota ilitoa Probox, gari la kazi la makarani na wauza bidhaa wa Kijapani. Sidhani kuna mtu pale Toyota aliyeota Malava. Hapa ilipewa kazi ambayo hakuna karani angeikubali: abiria mbele wawili kwenye kiti cha mmoja, wengine kwenye buti, magunia juu, na dereva wakati mwingine akigawana kiti chake na abiria. Juu ya hayo, hii ni nchi ya miwa. Kiwanda cha West Kenya, ambacho kila mtu anakiita Kabras, kinavuta trela za trekta kutoka kila kona ya Malava, na trela ikiwa imejaa, miwa huchomoza nyuma na kando kama mikuki. Ongeza matuta barabarani, matope ya njia za ndani, boda boda inayokata kona bila kuangalia. Hakuna bampa inayozeeka hapa kwa amani.

Basi fikiria mapanelbita wa zamani siku ya kwanza alipoletewa bampa ya plastiki iliyopasuka. Anaipiga nyundo, inacheza, inarudi, inapasuka zaidi. Anawasha gesi, inachuruzika kama nta na kutoa moshi mweusi. Anapaka filla ya kawaida, ile inayoshika vizuri kwenye mlango wa chuma, na baada ya wiki inabanduka, kwa sababu bampa hujipinda na filla hiyo haijui kujipinda. Maarifa ya maisha yake yote yamekuwa bure mbele ya kitu chepesi kuliko kiti. Kwenye vitabu vingi historia ya teknolojia husimuliwa kama kuongezeka kwa ujuzi. Watu hawasimulii sana upande huu, jinsi kitu kipya kinavyomfanya mtu hodari awe mwanafunzi tena akiwa na mvi.

Maarifa yaliyomwokoa yalikuwa yamekaa uani muda wote. Kote Afrika Mashariki kibuyu kilichopasuka hakikutupwa. Kilitobolewa vitundu pembeni mwa ufa, nyuzi au waya mwembamba ukapitishwa, na kikaendelea kubeba maziwa au uji. Kukhu wengi walikuwa na kibuyu kilichoshonwa, na mshono haukuwa aibu. Plastiki ilipoingia jikoni, mazoea hayo yaliifuata. Beseni lililopasuka liliwekwa kando likisubiri yule fundi wa kuzunguka na jiko la makaa na bisibisi kuukuu iliyopashwa moto. Aliyeyusha kingo mbili zikakutana, akaongeza kipande cha plastiki nyingine juu, akalainisha kwa mgongo wa kijiko. Mtungi wa maji ulitibiwa vivyo hivyo. Kiti cha harusi kilichovunjika mguu kilishonwa kwa waya. Hakuna aliyeiita kazi hii ufundi, kwa kuwa iliwahusu akina mama na senti ndogo ndogo.

Mlinganishe fundi wa bampa na hao. Kwanza anatafuta mwisho wa ufa na kutoboa tundu dogo hapo, ili ufa usiendelee kutembea. Kisha anapasha moto msumari au bisibisi na kutoboa safu mbili za vitundu. Anapitisha waya na kukaza kwa koleo, upande wa nje ukitazamana sawasawa. Anageuza bampa, anachimba mfereji mwembamba kwenye ufa upande wa ndani na kuujaza plastiki iliyoyeyushwa. Hakuna hatua hata moja hapo iliyotoka kwa mhunzi. Ni mshono wa kibuyu na moto wa beseni, vikiwa vimekutana kwenye gari la Mjapani.

Tena kuna kemia ndani yake, na mafundi waliijua kwa mikono kabla ya yeyote kuwasomea. Si kila plastiki inakubali kuoana na nyingine. Mtungi wa maji wa njano hutengenezwa kwa polithini, na kipande chake kikiyeyushwa juu ya bampa kinashika juu juu tu, kikipoa unakibandua kwa ukucha. Kipande cha bampa mfu kinashika. Kipande cha kile kiti cheupe mara nyingi kinashika pia, kwa kuwa kiti na bampa wote ni watoto wa Natta. Ukitaka kuthibitisha, geuza bampa utazame mgongoni. Kuna herufi ndogo zilizochongwa, PP, pengine na EPDM mbele yake. Zimewekwa kwa ajili ya viwanda vya kurejeleza taka. Fundi anazisoma kama jina la ukoo: huyu tunaweza kumwoza, huyu hapana.

Kubonyea ni jambo jepesi zaidi, na hapa plastiki inaaibisha chuma. Plastiki ya namna hii ikiundwa kwenye kalibu hukumbuka umbo lake. Bonde likiingia bila kupasuka, mwaga maji yaliyochemka, ingiza mkono kwa nyuma, sukuma, nayo inaruka mahali pake kwa sauti ya kofi. Kisha maji baridi ili ikae. Huhitaji hata gereji, unahitaji birika. Kinachobaki ni zile alama nyeupe kama makunyanzi pale ilipokunjwa, na moto mdogo wa kupitisha kwa mbali huzipunguza.

Mikwaruzo nayo ina matabaka. Probox nyingi za bei ya chini zilikuja na bampa nyeusi isiyopakwa rangi, na hiyo ni baraka. Mkwaruzo hauonekani sana, na plastiki ikipauka kwa jua fundi huipitishia moto wa gesi haraka haraka, mafuta ya plastiki yenyewe yanapanda juu, weusi unarudi. Akikawia sekunde moja anaiharibu. Bampa zenye rangi ndizo zenye kisirani. Polipropilini haipendi rangi, inaikataa kama jani la nduma linavyokataa maji. Ndiyo maana utaona gari limebanduka rangi ya bampa vipande vizima kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa: mtu aliruka praima ya plastiki ili kuokoa pesa. Piga msasa kwa maji, safisha mafuta yote, paka praima yake maalumu, ndipo rangi, ndipo klia. Mafundi wengine hupitisha moto juu ya plastiki kabla ya kupaka, na viwanda vikubwa hufanya hivyohivyo kwa mashine, maana moto huufanya uso wa plastiki ukubali kushikwa.

Umeme ulibadilisha kasi ya haya yote. Mradi wa Last Mile ulioanza mwaka 2015 ulisogeza nyaya karibu na vibanda vingi vya vijijini, na pasi ya kusodha na kile kifaa cha kupuliza hewa moto vikaingia pale palipokuwa na jiko la makaa. Kuna na vibanio vya waya vinavyozamishwa vikiwa moto kama stepla ya ofisini. Mshono ukaanza kuhamia ndani, upande usioonekana. Hapa ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi.

Wateja ni wa namna mbili. Wa kwanza ni dereva wa kazi. Anataka jioni awe barabarani, mshono uonekane usionekane haimhusu. Mazungumzo yao huwa mafupi. "Fundi, hii imeisha?" "Mzee, hii haitupwi. Shika hapa nikaze." Wa pili ni anayeuza gari. Huyo anataka isijulikane kamwe kwamba kulikuwa na ufa. Mshono wa dereva husema ukweli wote: niliumia hapa, nikatibiwa hivi. Mshono wa muuzaji umefunikwa filla, praima, rangi na klia hadi mnunuzi anapapasa na hahisi kitu. Ngozi imepona. Lakini kumbuka povu na mwamba wa chuma nyuma yake. Povu likishapondwa halirudi, na mwamba ukishajikunja mara ya kwanza hautakuwa na nguvu ileile mara ya pili. Ukigongwa tena na abiria wako kwenye buti, kinachokutana nao ni hewa na rangi nzuri. Ndiyo maana nikinunua gari la mtumba mimi hufurahia kuona mshono mbaya kuliko kutoona chochote. Omba bampa ifunguliwe. Ni boliti chache na vibanio. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Wasiwasi mwingine ni wa fundi mwenyewe. Rangi zile za kuchanganywa na hadna, zinazotoa mng'aro unaopendwa, zina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zinajulikana duniani kote kuwapa wapiga rangi pumu ya kazini. Viwandani rangi hizo hupigwa ndani ya chumba maalumu, mtu akiwa na hewa yake mwenyewe. Jua kali hupigwa chini ya mwembe, na kitambaa cha fulana kikiwa kimefungwa puani. Moshi wa plastiki iliyoungua nao si wa kuvuta. Kijana wa miaka 20 hahisi kitu. Akifika 40 anakohoa usiku. Hatuweki gharama hiyo kwenye bei ya kazi, na mteja anayelalamika kwamba fundi amemtoza sana hajawahi kuihesabu.

Rudi sasa kwenye ile hesabu ya miaka minane. Mwaka 2015 Toyota ilianza kusambaza mfumo wake wa Safety Sense, unaomwonya dereva na hata kufunga breki wenyewe. Magari mengi ya miaka iliyofuata, ya Toyota na ya wengine, yana pia rada ndogo zilizofichwa nyuma ya bampa, hasa kwenye pembe za nyuma, za kutazama gari linalokuja kwa pembeni. Rada huona kupitia plastiki kana kwamba ni dirisha. Dirisha hilo likiwekwa filla nzito au rangi nyingi mno, inaona vibaya, na watengenezaji wengi wanakataza kabisa matengenezo ya eneo hilo. Waya wa chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma hurudisha mawimbi ya rada. Mshono uliookoa bampa unageuka ukuta mbele ya jicho la gari.

Magari hayo yameshaanza kushuka Mombasa. Yatafika Malava, yatakutana na trela ya miwa, na taa ya manjano itawaka kwenye dashibodi hata baada ya bampa kushonwa vizuri. Huenda mafundi watajifunza kuhamisha mshono mbali na pembe, au kuacha waya na kuyeyusha plastiki peke yake, nyembamba, bila filla. Au watatafuta uzi usio wa chuma. Nyuzi kavu za kwenye kibuyu hazirudishi mawimbi.